Kinyama cha uvimbe: namna ya kukifikisha maabara kabla hakijaoza

Kinyama cha uvimbe kikishakatwa, kinaanza kuharibika dakika hiyohiyo. Damu haikifikii tena, oksijeni imekwisha, na vimeng'enya vya seli zenyewe vinaanza kuzila. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia huku Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni kukipokea kinyama hicho, kukizamisha kwenye nta, kukikata vipande vyembamba vya mikroni tatu hadi tano na kuvitia rangi ili daktari wa patholojia avisome kwenye hadubini. Nikipokea kilichooza, hakuna mashine wala rangi itakayokirudisha. Haya nawaandikia ninyi mnaokata na mnaobeba: wauguzi wa chumba cha upasuaji, matabibu wa hospitali za wilaya, na ndugu wa mgonjwa mnaopanda basi mkiwa na kopo mkononi.

Andaa kopo kabla mgonjwa hajaingia, nalo liwe na mdomo mpana. Kinyama kibichi ni laini, kitapenya hata kwenye chupa ya dawa. Lakini fomalini, yaani dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, inakikaza, na sisi tunalazimika kuivunja chupa au kukiponda kinyama ili kitoke. Jina la mgonjwa, namba yake na mahali kilipotoka andika ubavuni mwa kopo, si kwenye mfuniko, maana mifuniko yote hukutana mezani kwetu. Tumia penseli, wino wa kalamu hufutika fomalini ikimwagika.

Fomalini yenyewe ndiyo kiini cha kazi. Ile inayokuja kwenye madumu ni kali, asilimia 37 hadi 40 ya fomaldihaidi. Ukiitumia ilivyo, inaukaza upande wa nje wa kinyama haraka na kuiacha katikati ikioza. Chukua mililita 100 za hiyo kali, ongeza mililita 900 za maji, kisha gramu 4 za sodiamu daihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti. Msiziache chumvi hizo mbili kwa kuona kwamba ni usumbufu. Bila hizo, fomalini inageuka asidi na kuacha punje za kahawia kwenye kinyama chenye damu nyingi, na punje hizo hufanana na rangi inayoachwa na vimelea vya malaria. Changanya mahali penye hewa, ukiwa na glavu na miwani, kwa sababu fomaldihaidi nayo imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Fomalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Ikifika mara ishirini ni bora zaidi. Maji ya dripu hayahifadhi kinyama, na kwenye friza barafu inazipasua seli.

Sasa saa. Fomalini huingia polepole, kwa makadirio milimita moja kwa saa, na kadiri inavyozama ndivyo inavyozidi kuchelewa. Titi zima lililotumbukizwa kwenye ndoo jioni litakuwa limeoza katikati kufikia asubuhi. Elewaneni na maabara yenu: daktari wa upasuaji alichanje kwa nyuma kila sentimita moja, asilitenganishe, na aweke kitambaa cha shashi katikati ya michanjo ili fomalini ipite. Kabla ya hapo aweke nyuzi za alama, uzi mfupi upande wa juu, uzi mrefu upande wa kwapa. Tukiona saratani imefika ukingoni, nyuzi hizo ndizo zitakazomwambia arudi kukata wapi.

Kwenye fomu andika nyakati mbili: saa kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini. Muda kati ya hizo usizidi saa moja. Kisha kikae ndani yake kwa saa 6 hadi 72 kabla hatujaendelea nacho. Kwa saratani ya matiti tunatafuta vipokezi vya homoni ya estrojeni, na kinyama kilichocheleweshwa hupoteza vipokezi hivyo. Jibu linatoka hasi wakati ukweli ni chanya, na mama wa watu anakosa tamoksifeni, kidonge ambacho kingemsaidia. Hapo ndipo roho inaponiuma kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Kuna kinyama kisichotakiwa kuingia chote kwenye fomalini. Mtoto akija na taya lililovimba na meno yanayolegea, fikiria limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Huku kwetu ipo sana, na uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi kadhaa, yaani vioo vya hadubini, uziache zikauke kwa hewa, ndipo ukiweke kinyama kwenye kopo. Slaidi zifungwe mbali na kopo, maana mvuke wa fomalini unaziharibu. Halafu piga simu maabara, usingoje basi la kesho.

Ugonjwa huo ulielezwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Vinyama vya wagonjwa wa Uganda vikawa vinapelekwa kwa ndege London kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu uliipeleka ndege Manchester, na kinyama kikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yametibuka, kama yaliyoingiwa na bakteria, lakini Epstein aliyatazama kwanza kwenye hadubini akakuta seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Kutokana na seli hizo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 virusi tunavyoviita Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kile hakikutiwa fomalini, kwa sababu walitaka seli hai. Kwa hiyo uliza maabara inatafuta nini kabla hujamimina chochote.

Fomu isiandikwe "uvimbe" tu. Andika umri, kulia au kushoto, umekaa miezi mingapi, na kama mgonjwa ameshapata dawa au mionzi.

Kwa safari, funga mfuniko kwa plasta, zungushia pamba, tia kwenye mifuko miwili ya plastiki, na fomu iwe mfuko wake peke yake. Kopo lisimame wima, mbali na jua. Anayebeba aelezwe kwa upole: "Mama, maji haya yana harufu kali, lakini usiyamwage wala usiongeze mengine. Ndiyo yanayokitunza." Wapo wanaoyamwaga njiani kwa kuwaonea haya abiria wenzao, nao hawana kosa kama hakuna aliyewaambia.

Ukifika maabara, usiondoke kabla hujapewa namba ya kinyama. Iandike kwenye faili la mgonjwa na kwenye simu yako. Jibu, na hata kitalu cha nta chenye kinyama daktari akitaka kipimwe upya, hutafutwa kwa namba hiyo.