Barua ya kuacha kazi iwe ya mwisho: nilivyohama mwajiri Uingereza

Nilifika Leicester Februari 2023 kwa viza ya wafanyakazi wa afya na utunzaji. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa napewa saa 16, wiki nyingine 12, na kodi ya chumba ni ile ile. Oktoba 2025 nilihamia nyumba ya wazee ambako zamu zangu zote napata. Dada zangu kutoka Likoni, Kilifi na Voi wananipigia kuuliza nilipitia wapi. Naandika kwa kirefu kwa sababu wengi niliowaona wakiharibikiwa walikuwa na kazi mpya mkononi, ila walitanguliza jambo la mwisho.

Viza yako imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini na kwa kazi iliyoandikwa. Ukitaka kuhama, unaomba ruhusa upya ukiwa humu humu nchini. Kazi mpya huruhusiwi kuigusa, hata siku moja ya mafunzo, mpaka jibu litoke. Ya zamani unaendelea nayo unaposubiri. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu tu umeitwa kwenye mahojiano, wala kwa sababu meneja mpya amekuahidi kwa simu.

Sisi walezi, yaani tunaohudumia wazee, tuna jambo la ziada. Tangu 22 Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuleta walezi wapya kutoka nje. Tuliomo ndani bado tunaruhusiwa kuhama, hadi 22 Julai 2028. Weka hati zako za mshahara za kila mwezi. Mimi nilizihifadhi zote kwenye simu, na mwajiri mpya aliziomba siku ya kwanza.

Kabla ya kutuma maombi popote, fungua orodha ya wadhamini wenye leseni kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, utafute jina la kampuni. Kama ni mlezi na kampuni iko England, hakikisha pia imesajiliwa na CQC, taasisi inayosimamia huduma za afya na utunzaji. Kisha uliza waziwazi, kabla hujapoteza nauli: je, mtanidhamini? Mimi niliulizia sehemu 11. Tatu ndizo zilizosema ndiyo.

Mwajiri akikubali, anakutolea COS (Certificate of Sponsorship), yaani cheti cha udhamini. Ni rekodi ya kompyuta yenye namba, na haiuzwi. Kuna mtu aliniambia kwa WhatsApp nimtumie pauni 6,000 anitafutie. Nilimfungia. Ada ya kuitoa COS na ile tozo ya ujuzi (Immigration Skills Charge, ambayo serikali humtoza anayedhamini mgeni) ni mzigo wa mwajiri, na haruhusiwi kukutoza wewe. Ukishapewa namba, omba uone kilichoandikwa: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa kazi (mlezi ni 6135, mlezi mwandamizi ni 6136), saa za kazi, mshahara, tarehe ya kuanza. Yangu ilikuja na namba ya pasipoti yangu ya zamani. Niliirudisha ikarekebishwa kabla sijalipa chochote. Una miezi 3 ya kuitumia, na ombi halipelekwi zaidi ya miezi 3 kabla ya tarehe ya kuanza kazi.

Ombi lenyewe ni la mtandaoni: unajaza, unalipa, unaskani pasipoti na uso kwa simu. Nilipoomba, ada ya viza yetu isiyozidi miaka 3 ilikuwa pauni 304, na ile ada kubwa ya matibabu wanayolipa wenye viza nyingine sisi hatulipi. Jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 8. Langu lilichukua 5.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukishatuma ombi, usitoke nje ya nchi. Rafiki yangu, tuliyekuja ndege moja, alifiwa na baba yake akisubiri jibu. Akaenda Mombasa kuzika, nani angemlaumu? Lakini ukitoka Uingereza na Ireland, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Nikikumbuka hilo bado naumia. Kama una mgonjwa nyumbani na uwezo upo, lipia huduma ya haraka, pauni 500, jibu siku 5 za kazi.

Jibu langu lilikuja saa tatu usiku. Niliandika ilani ya wiki 4 usiku huo huo, nikiwa bado na sare. Meneja wangu wa zamani akanidai pauni 4,000, eti gharama za kunileta. Usitie sahihi hapo hapo. Niliomba mchanganuo kwa maandishi, nikapiga simu Acas, wanaoshauri wafanyakazi bure. Ndani ya mchanganuo ule kulikuwa na tozo ya ujuzi, nami nikawajibu kwa barua kwamba hiyo ni yao. Hawakunidai tena.

Kwa wale ambao tayari kazi imekatika: mwajiri huiarifu Home Office, wizara inayoshughulikia viza, ndani ya siku 10 za kazi, kisha viza hupunguzwa, mara nyingi hadi siku 60. Hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya Home Office, na usome barua pepe zako kila siku, hata zile za takataka. Ombi jipya likiingia kabla siku hizo hazijaisha, unabaki nchini kihalali mpaka lijibiwe. Na ukimlipa mtu akushauri, muulize namba yake ya usajili katika Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji, au kama ni wakili. Akikosa jibu, kata simu.