Kushona Gauni la Mtoto wa Miaka Miwili kwa Patani

Mafundi wengi wa Dodoma tuliojifunzia kazi barazani tumezoea kuchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, na kwa gauni la mtu mzima utaratibu huo hautuangushi. Mtoto wa miaka miwili, hata hivyo, si mtu mzima aliyepunguzwa: tumbo lake limetokeza, kiuno chake kinakaribia kulingana na kifua, na mabega yake ni membamba kiasi kwamba kosa la nusu inchi huonekana kwa mbali. Kwa sababu hiyo huwa namkatia kwa patani, yaani karatasi yenye umbo la kila kipande cha nguo. Gauni ninaloeleza hapa halina mikono. Kipande chake cha juu kina bitana (kitambaa cha ndani), sketi ina marinda ya kuvuta kwa uzi, na vifungo viko mgongoni.

Hatua ya kwanza: patani

Mpime mtoto mwenyewe, usipime nguo yake ya zamani. Kwa kifua cha sentimita 53, chagua patani ambayo gauni likikamilika litakuwa na kifua cha sentimita 60 hivi, ili apate nafasi ya kukimbia na ya kuvaa fulana ndani asubuhi za Juni na Julai, ambazo baridi yake hapa kwetu haina mzaha. Ukiwa umepakua patani kwenye intaneti na kuipeleka steshenari, omba ichapwe kwa asilimia 100, kisha, kabla hujalipa, weka rula juu ya mraba wa majaribio ulio kwenye karatasi.

Niliwahi kupuuza jambo hilo. Mraba uliopaswa kuwa na sentimita 5 ulitoka na 4.7, tofauti ambayo kwa macho si kitu, lakini ni asilimia 6 ya kila mstari, hivyo kifua cha sentimita 60 kikawa 56 na kidogo. Siku ya kujaribisha, mtoto alipoinama kuokota mpira, kifungo cha katikati kikafyatuka. Nilishona gauni jipya kwa gharama yangu.

Soma pia kama nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono, imo. Patani nyingi za kuchapwa za Marekani hujumuisha inchi 5/8, yaani karibu sentimita 1.5, ilhali baadhi ya patani za Ulaya huishia kwenye mstari wa mshono wenyewe, na asiyejua hilo hukata nguo ya mwanasesere.

Hatua ya pili: kitambaa na kukata

Yadi moja ya kitenge cha pamba inatosha, kwa hiyo bakaa la gauni la mama linafaa kuliko kununua pisi nzima sokoni Majengo. Kifue, kianike na ukipige pasi kabla ya kukata, kwa kuwa pamba hurudi ikifuliwa. Kunja kitenge ili ule ukingo wenye maandishi ya kiwandani ulingane na ukingo mwenzake, laza kipande cha mbele kwenye mkunjo, na hakikisha mshale wa patani unakwenda sambamba na ukingo. Anayekatia barazani abane karatasi kwa pini nyingi, maana upepo wetu haumsubiri mtu.

Sketi haihitaji patani: kata upana wote wa kitenge, takriban sentimita 115, kwa urefu wa sentimita 37. Kingo za kiwandani ziangukie mgongoni. Hazichambuki, nazo zinakuokolea kazi ya overloki.

Hatua ya tatu: kipande cha juu

Hapa ndipo penye kazi. Shona mabega ya kitenge, kisha mabega ya bitana, uyapige pasi. Laza vipande hivyo viwili uso kwa uso, ubane kwa pini, kisha shona mkato wa shingo, makwapa yote mawili, na kingo za mgongoni. Mbavu na kiuno uviache wazi. Kata vijimkato vidogo kwenye mapindo ya shingo na kwapa, kila baada ya sentimita moja, ukisimama milimita mbili kabla ya mshono. Ukiruka jambo hili shingo itakunjamana, na pasi haitakusaidia.

Sasa ingiza vidole kutoka upande wa mbele, upitishe ndani ya bega, ushike kipande cha nyuma na kukivuta taratibu mpaka kitokeze mbele. Bega la mtoto ni njia nyembamba, hivyo kisukume kidogo kidogo kwa mpini wa mwiko wala si kwa ncha ya mkasi, ambayo hutoboa. Bega la pili likishafanyiwa hivyo, kipande chote kitakuwa kimegeuka. Fungua mbavu, linganisha kitenge kwa kitenge na bitana kwa bitana, mshono wa kwapa ukikutana na mwenzake, kisha shona mstari mmoja mfululizo kila upande.

Hatua ya nne: sketi na kumalizia

Piga mistari miwili ya mshono mrefu juu ya sketi bila kurudia mwanzoni wala mwishoni, kisha vuta nyuzi za chini mpaka upana ulingane na kiuno. Sambaza marinda sawasawa, ila karibu na vifungo yawe machache. Shona sketi kwenye kitenge cha kipande cha juu peke yake, bila bitana, halafu pindia ukingo wa bitana juu ya mshono huo na uushone kwa mkono, ili marinda yasimkwaruze mtoto tumboni. Funga mgongo wa sketi kuanzia chini, ukiacha sentimita 8 za juu wazi.

Pindo la chini nalipa sentimita 5, kwa kuwa watoto hurefuka haraka kuliko wanavyonenepa, na mwakani mama atalishusha. Vifungo vitatu vinatosha. Kila kimoja kipitishiwe uzi wa mara mbili angalau mara sita, kisha kivute kwa nguvu zako zote kabla hujamkabidhi mtoto gauni, kwa sababu kifungo kinacholegea huishia mdomoni.