Kukaba juu kwenye kiwanja cha mawe meusi

Nafundisha vijana wa mtaa hapa Goma, kwenye kiwanja cha changarawe nyeusi ya volkano, na kila msimu wananiuliza: "Kocha, kwa nini tusikabe juu kama Liverpool?" Tunakaba juu, yaani tunambana adui karibu na goli lake, ila kwa mpango.

Usiwaambie wakimbie tu. Wafundishe kusubiri ishara: pasi ya kurudi nyuma, pasi inayodundadunda kwenda kwa beki wa pembeni, au mpokeaji aliyegeuzia mgongo goli letu. Kiwanja chetu kinasaidia sana. Mpira ukigonga jiwe, unamtoka beki hatua mbili. Hapo ndipo tunamrukia.

Mshambuliaji asimwendee moja kwa moja. Azunguke kidogo, aje akitokea upande wa beki wa kati, ili mwili wake uzibe pasi ya kurudi huko. Beki mwenye mpira anabaki na mstari wa pembeni tu. Namba tisa wangu alihangaika na hilo mwezi mzima, mpaka nikapanga kandambili chini nikamwambia apite nje yake. Siku hiyo akaelewa, na nilifurahi kuliko siku tuliyoshinda.

Akishatoka yeye, wote wapande. Arrigo Sacchi, kocha wa Kiitaliano, pale AC Milan alitaka mita kama 25 tu kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji. Mimi nahesabu kwa hatua, na anayechelewa namwita jina, maana kupitia kwake pasi moja inatosha kuwaacha wenzake watano.

Hatari kubwa iko nyuma. Mabeki wakisimama katikati ya uwanja, adui anayeanzia nusu yake hahesabiwi kuotea. Oktoba 2020 Liverpool hao hao, mabeki wakiwa juu, walifungwa 7-2 na Aston Villa. Kwetu ni vibaya zaidi: ardhi ngumu, mpira mrefu hausimami. Kwa hiyo kipa wangu anasimama nje ya boksi, tayari kuufagia.

Halafu pumzi. Tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu pumzi huisha haraka. Kaba dakika kumi za mwanzo, kumi baada ya mapumziko, basi.

Na adui wakishaupita mstari wa kwanza, kapteni apaze sauti, "Rudi!" Kila mtu akimbilie goli letu kwanza, mpira baadaye.