Kabla ya kupaka pomadi: muwasho wa ngozi ya sehemu za siri kwa wanaume

Katika maduka ya dawa ya Goma kuna ombi ambalo wanaume hulisema kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya wateja wengine kutoka: "Dokta, unipatie pomadi ya kuwashwa." Mwombaji haelezi anawashwa wapi, muuzaji naye haulizi, na kinachotolewa mara nyingi ni tyubu moja iliyochanganya dawa ya fangasi, antibiotiki na betamethasoni au klobetasoli. Hizo mbili za mwisho ni steroidi kali, yaani dawa za kupunguza uvimbe na muwasho. Hutuliza muwasho kwa siku chache, lakini fangasi huendelea kuenea kimyakimya na kubadilika sura hata muuguzi mzoefu ashindwe kuitambua, huku ngozi ya kinena, ambayo ni laini na nyembamba, ikizidi kukonda na kupata michirizi isiyofutika. Ndiyo maana naomba mwanaume yeyote anayewashwa aahirishe pomadi hiyo hadi ajue anatibu nini.

Kabla ya kufikiria ugonjwa, kumbuka kwanza ni nini kimegusa ngozi hiyo katika wiki mbili zilizopita. Sabuni ya kufulia, maji yenye javeli, limau, dawa ya meno na manukato huunguza ngozi, na mwenye kuwashwa akidhani ni uchafu huongeza kusugua, hivyo jeraha huongezeka. Acha vyote kwa siku kadhaa. Osha kwa maji safi peke yake mara moja kwa siku, na kama hujatahiriwa, vuta govi nyuma taratibu bila kulilazimisha, suuza kichwa cha uume, kausha, kisha lirudishe mahali pake. Hata pale ambapo maji yananunuliwa kwa bidoni, jagi moja linatosha. Kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa sabuni, hiyo ndiyo tiba nzima. Mpira wa kondomu nao huwasumbua wachache wenye alergi, nao watafute kondomu zisizo za lateksi badala ya kuacha kinga.

Fangasi inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa mazingira yetu yanaipenda. Mfikirie motari anayekaa kwenye kiti cha pikipiki tangu alfajiri, suruali nzito imemlowea mvua, miguu imefungwa ndani ya buti, na chupi aliyoifua jana haikukauka kwa sababu jua halikutoka. Muwasho wake huanzia kwenye mikunjo ya mapaja, wenye ukingo mwekundu au mweusi unaopanuka, na kwa kawaida huacha mfuko wa korodani bila kuuathiri. Mara nyingi chanzo kiko kwenye vidole vya miguu: chupi ikipita kwenye mguu wenye fangasi huipandisha hadi kinenani, kwa hiyo tibu miguu pia na uvae soksi kabla ya chupi. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, hata muwasho ukiisha mapema. Fangasi ya aina nyingine, kandida, hukaa chini ya govi na kuacha wekundu, vidoa na utando mweupe. Hiyo hutibiwa kwa krimu hiyohiyo kwa wiki moja hadi mbili. Krimu za mafuta na vaselini hudhoofisha kondomu za lateksi, na jambo hili wengi hawaambiwi. Kandida ikirudi mara kwa mara, omba kupimwa sukari, kwani kwa wanaume kadhaa hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari.

Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele vigumu kwenye uume na korodani, hasa ikiwa watu wengine nyumbani nao wanajikuna, ni upele wa wadudu wadogo wanaojichimbia kwenye ngozi (skabi), hadi ithibitishwe vinginevyo. Kutibu mtu mmoja ni kupoteza fedha: wote wanaolala pamoja wapakwe siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto au yafungwe kwenye mfuko kwa siku tatu. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, kwa hiyo usirudie dawa kwa hofu zaidi ya ulivyoelekezwa.

Kidonda, lengelenge au usaha havitibiwi kwa pomadi ya dukani. Vinaweza kuwa kaswende, malengelenge ya sehemu za siri, kisonono au mpox, ambayo aina yake mpya ilitambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, na ambayo mara nyingi huanza sehemu za siri, pamoja na homa na tezi za kinena zilizovimba. Kabla ya kwenda kituo cha afya, funika vidonda, usishiriki taulo wala kitanda, na usifanye ngono. Usipake kitu asubuhi hiyo, na kama kuna usaha usikojoe kwa saa moja au mbili. Chukua tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, na uwe na jibu kuhusu siku muwasho ulipoanza na kama mwenzi wako ana dalili. Akija naye, ni bora zaidi, kwa sababu akitibiwa mmoja tu mtarudishiana ugonjwa.

Hali moja haisubiri asubuhi. Govi lililovutwa nyuma likakataa kurudi, huku kichwa cha uume kikivimba na kuuma, hukaza kama kamba na kuzuia damu; nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.