Kabla ya kuripoti fildi: mambo ya kuzingatia kwa mwanafunzi wa ukadiriaji majenzi

Swali utakalolisikia kuliko yote katika ofisi ya mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu anayepima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake, ni hili: namba hii imetoka wapi? Atakuuliza msimamizi wako, mkandarasi atakuuliza, na mkaguzi wa hesabu atauliza hata baada ya wewe kurudi chuoni. Jiandae kwa swali hilo kabla hujafunga begi.

Anza na mahali. Kwa wanafunzi wengi wa Tanzania likizo ndefu huanza karibu na Julai, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Ukienda halmashauri, Wakala wa Majengo au taasisi nyingine ya umma, huenda ukakuta makadirio na nyaraka za zabuni zikiandaliwa ili ziingizwe kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, huku majengo yenyewe hayajaanza. Ni kazi nzuri kwa aliyekwisha kuona msingi ukichimbwa. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama kwenye mtaro wa msingi, ushauri wetu ni aanze kwa mkandarasi: kule ataona nondo zikifungwa, zege likimwagwa na vifaa vikipokelewa stoo. Ofisi ya ushauri, yaani kampuni ya wakadiriaji majenzi, itamfaa zaidi mwaka unaofuata, maana atakuwa anaelewa kitu anachokipima.

Barua ya maombi ipeleke miezi 2 au 3 kabla, kisha ufuatilie kwa simu au kwa miguu. Uliza mradi uko hatua gani na nani atakusimamia. Kama ni ofisi ya ushauri, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB. Kama ni mkandarasi, uliza kama kuna mkadiriaji majenzi kwenye mradi, kwa sababu mwanafunzi akiachwa na foremani peke yake huishia kuhesabu mifuko ya saruji wiki zote nane.

Fedha usizipigie hesabu ya Bodi ya Mikopo pekee, kwani hata kwa mnufaika zinaweza kuchelewa. Uwe na nauli na chakula cha mwezi wa kwanza mkononi. Ukipangiwa mradi Mtumba, Dodoma, ulizia nauli kabla hujalipia chumba upande wa pili wa mji. Viatu vya usalama nunua mwenyewe, vyenye soli ngumu isiyopenywa na msumari, maana mbao zilizobanduliwa kwenye fomu za kumwagia zege hutupwa chini misumari ikiwa imetazama juu. Helmeti na reflekta uliza kama utapewa. Beba kikokotoo, rula ya skeli na tepu ya mita 5. Ile ndefu ya mita 30 au 50 kwa kawaida ni ya ofisi.

Sasa kazi yenyewe. Wiki moja kabla ya kuripoti, chukua ramani ya nyumba ndogo, upime msingi wake kwa mkono, kwenye karatasi ya vipimo. Tuseme nyumba ni ya mstatili, 10.00 kwa 8.00 kwa vipimo vya nje, na ukuta wa milimita 150. Mzunguko wa nje ni mita 36.00. Mstari wa katikati ya ukuta ni 36.00 ukitoa mara 4 ya 0.15, yaani 35.40. Mtaro wa upana wa 0.60 na kina cha 0.90 unatoa mita za ujazo 19.12. Aliyesahau kutoa pembe atapata 19.44. Tofauti inaonekana ndogo, lakini urefu huohuo unaingia tena kwenye zege la msingi, tofali, mkanda na plasta, na kosa linatembea nao hadi ukurasa wa mwisho.

Udongo nao huwachanganya wengi. Kwenye mchanganuo wa vipimo na gharama, ambao kila ofisi huuita BOQ, unapima shimo kama lilivyo ardhini. Ukishachimbwa, udongo huvimba, mara nyingi kwa robo hivi, hivyo mita 1 ya ujazo hujaza kama 1.25 kwenye lori. Uvimbe huo mkandarasi anauweka kwenye bei yake. Wewe usiuongeze kwenye kipimo.

Yapo mahesabu machache ambayo ni aibu kuyatafuta kwenye simu mbele ya msimamizi. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, ni kipenyo kwa milimita kikizidishwa chenyewe, kisha kugawanywa kwa 162. Nondo ya milimita 12 inatoa kilo 0.89, kwa hiyo kipande cha mita 12 ni kilo 10.7. Hili ni la lazima kwa sababu BOQ inataja kilo na duka la vifaa linauza vipande. Zege la 1:2:4 linahitaji karibu mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kabla ya kuongeza upotevu. Tofali la 450 kwa 225, likiwa na kiungo cha saruji na mchanga cha milimita 10, hutoka 9.25 kwa mita ya mraba, agiza 10.

Ukipokea michoro, tazama kwanza karatasi. Mchoro wa A1 wenye skeli ya 1:100 ukichapwa kwenye A3 unakuwa 1:200, lakini maandishi ya 1:100 yanabaki palepale. Ukiweka rula utapata jengo lenye nusu ya urefu na robo ya eneo. Fuata vipimo vilivyoandikwa. Visipolingana na vya mhandisi, usichague mwenyewe. Andika swali lenye namba ya mchoro na tarehe ya toleo lake.

Kabla hujakabidhi kazi, ipime kwa kazi yenyewe. Udongo unaorudishwa kujazia, ukijumlishwa na unaoondolewa, lazima ulingane na uliochimbwa. Idadi ya vitasa ilingane na ya milango. Kila tundu ulilotoa kwenye ukuta litokee kwenye orodha ya milango au madirisha. Kwenye Excel, kosa linalojirudia ni mstari mpya unaoingizwa chini kabisa, nje ya seli zinazojumlishwa: kazi inaonekana, fedha haihesabiwi. Jumlisha kurasa mbili au tatu kwa kikokotoo.

Saiti, kinachokwenda kufunikwa kipimwe kabla hakijafunikwa. Kina cha msingi, nondo za slabu, mabomba ya chini ya jamvi: pimeni pamoja na mwakilishi wa mkandarasi, muandike na msaini siku ileile, na picha ionyeshe tepu. Zege likishamwagwa, ubishi wa kina cha shimo hauna dawa ya bei nafuu.

Huenda ukashirikishwa kuandaa hati ya malipo. Elewa mapema kwamba thamani hupimwa tangu mwanzo wa mradi hadi siku hiyo, ndipo yanapotolewa kiasi kinachozuiliwa, marejesho ya malipo ya awali na hati zilizotangulia. Mwanafunzi akipima kazi ya mwezi huo tu, kisha akatoa pia hati za nyuma, anapata namba hasi au malipo kiduchu. Angalia pia vifaa vilivyopo saiti: tofali lililolipiwa likiwa uwanjani mwezi uliopita, na sasa liko ukutani, lisilipiwe mara mbili.

Bei utakazoziona ni siri ya ofisi, hasa wakati zabuni bado iko wazi. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa nia ya kusaidia. Na mkandarasi akikupa ya soda siku ya vipimo, kataa kwa heshima, umwambie msimamizi wako.

Kitabu cha kumbukumbu jaza kila jioni. "Nilipima msingi" haimwambii mhadhiri chochote. Andika mhimili gani, mchoro gani, ulipata ngapi na msimamizi alisahihisha nini. Omba saini kila Ijumaa. Wasimamizi husafiri, na wiki ya mwisho ndiyo unayoweza kukuta ofisi imefungwa kwa kukagua mradi mkoani, huku kurasa zako 40 zikisubiri mhuri.