Jinsi ya kuagiza shopingi mtandaoni bila kubadilishiwa vitu ovyo ovyo

Kwanza uelewe kwa nini hii kitu inatokea, ndio ujue pa kuziba. Apu ikikuonyesha unga iko, si ati kuna mtu ameenda kwa rafu akaangalia. Ni kompyuta ya supamaketi imehesabu paketi zilizoingia ikatoa zile zimepita kwa keshia, basi. Kama paketi ya mwisho ilipasuka ikawekwa kando, ama iko kwa troli ya mtu bado anazunguka huko kwa sabuni, kompyuta inaendelea kusema iko. Sasa oda yako inaingia, kijana wa kuchukua vitu anafika kwa rafu anapata nafasi tupu, nyuma yake raida, yule wa boda wa kupeleka mzigo, amesimama na helmeti anauliza bado, na oda zingine zinalia kwa simu. Huyo kijana hakujui, hajui jioni unapika nini wala ni nani anakula kwako. Ameona umeandika unga wa ngano, anachukua unga wa ngano mwingine ulio karibu na mkono, na kwa roho safi kabisa anaona amekusaidia.

Dawa ni umsaidie kabla hajakusaidia. Kwenye ile nafasi ya kuandika maelezo usiishie kwa jina la kitu, andika kazi yake. Wengi tukishakasirishwa tunaandika MSIBADILISHE CHOCHOTE kwa herufi kubwa, halafu inaletwa oda nusu, mafuta hakuna, sukari hakuna, na pesa ya dilivari imekatwa vile vile. Wengine nao wanaacha ile ya badilisha na kinachofanana, ambayo unaweza kuipata imewekwa tiki tayari, halafu mzigo ukifika wanashangaa. Mimi naandika hivi:

"Unga ni wa chapati. Hii ikikosa leta yoyote ya chapati ya 2kg, usilete ya keki."

"Mchele lazima unukie, pishori. Ikikosa acha kabisa, usilete mchele wa sindano."

"Maziwa ni ya chai tu, yoyote sawa, hata ile ya kukaa nje ya friji."

"Sabuni ya kufua chagua wewe, isizidi 200."

Umeona hiyo ya mwisho? Vitu ambavyo hujali mwachie achague, ndio akifika kwa zile umekataza ajue uko siriasi. Mtu akikuta kila kitu kimewekewa amri hasomi hata moja. Na andika kifupi, anasoma kwa simu huku anatembea. Kama apu iko na nafasi moja tu ya maelezo kwa oda yote, anza na kile kitu ambacho kikikosewa hakuna chakula usiku huo.

Kuna ile ya "nipigie kwanza". Ni nzuri lakini weka kwa vitu viwili vitatu tu, na ukiiweka basi kaa na simu mkononi na ushike hata namba ngeni, najua siku hizi hatushiki namba ngeni kwa sababu ya matapeli lakini wakati huo unangoja oda shika tu, kwa sababu wakipiga ukose wanachagua wenyewe na huna la kusema.

Sasa twende kwa vitu vyenyewe, maana hapa ndio watu wa huku kwetu magharibi ya Kenya tunaumia.

Unga wa ngano. Kuna wa kawaida, kuna wa atta ule wa kahawia, na kuna ule umewekwa beking pauda tayari. Paketi zinafanana na zinakaa rafu moja. Huo wa beking pauda ukiufanyia chapati zinafura, zinakauka, ukikunja zinavunjika, na wageni wako sebuleni. Atta mimi napokea, chapati inatoka tu, ila kama kwako kuna watoto wanataka nyeupe andika.

Unga wa ugali ni mambo ya brandi, na watu wakisema tunaringa si kuringa. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha brandi tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoxin, ile sumu ya kuvu, tangu hapo kuna nyumba zina brandi moja tu wanaiamini na mtu hawezi kuwabadilishia juu juu. Ukiletewa brandi hujawahi kuiona, angalia ile alama ya KEBS kwa paketi, chini yake kuna namba ya kibali, tuma SM# ukifuatisha hiyo namba kwenda 20023 utajibiwa ni bidhaa gani na ni ya kampuni gani. Ikija majibu ya kitu kingine, hiyo rudisha. Halafu kuna ugali wetu wa mtama na muhogo, ama wa wimbi. Hiyo usiandike "unga wa brown", utaletewa chochote chenye rangi ya udongo, hata unga wa uji uliochanganywa soya na njugu. Na kama kuna mtu kwako njugu zinamfura mdomo, hapo si mambo ya ladha tena, andika "HAPANA NJUGU" na paketi ikifika soma viungo mwenyewe kabla hujaifungua.

Mchele. Wa Ahero ni wa nyumbani, nausimamia, kwa maharagwe hauna shida na kwa kawaida bei yake iko chini ya pishori ya Mwea. Lakini haunukii kama pishori, na mtu akikuletea huo kwa bei ya pishori amekutoa pesa. Kwa hivyo angalia risiti, si paketi peke yake.

Mboga za kienyeji nazo ni stori ingine. Uliagiza managu wamekuletea spinachi. Uliagiza mrenda wamekuletea sukuma, yaani mtu ameangalia kitu kijani akachukua kijani. Mrenda haina mbadala jamani, ukiiagiza weka "ikikosa acha". Kunde na saga angalau zinaweza kubadilishana kama unachanganya na maziwa, ingawa mama yangu akisoma hapa atanikana. Magadi ya mrenda ikikosa wakaleta baikaboneti ya kupikia, mimi napokea, inalainisha mboga sawa tu.

Samaki: ukiandika "fileti" pekee jua unaweza kuletewa fileti yoyote iliyo kwa friza, na kuna tilapia ya kugandishwa inayotoka China inauzwa hapa hapa kando ya Ziwa Victoria. Andika "mbuta" kama unataka mbuta, yaani sangara, na kama unataka ngege, ile tilapia ya ziwa, hiyo usiagize kwa simu, nenda.

Vitu vya mtoto usibadilishiwe kabisa, hata kama huyo kijana ni mzuri namna gani. Maziwa ya kopo namba 1 ni ya mtoto tangu kuzaliwa mpaka miezi 6, namba 2 ni kuanzia miezi 6, kopo zinafanana isipokuwa hiyo namba. Ikija tofauti rudisha hapo hapo, na kama unajua kopo iko karibu kuisha agiza mapema, usingoje usiku. Daipa nazo usiamini namba peke yake, size 3 ya kampuni hii inaweza kuwa ya kilo tofauti na size 3 ya ile. Andika kilo za mtoto.

Kuhusu bei, hapa watu wengi hawahesabu. Tuseme uliagiza unga 2kg kwa 160, ikakosa, wakakuletea paketi mbili za 1kg kwa 95 kila moja. Unga ni ule ule, uzito ni ule ule, umelipa 190. Ama mafuta ya lita 2 yamegeuzwa chupa nne za nusu lita, hapo ndio utalia. Kwa maelezo ongeza "isizidi bei ya kwanza" na mambo yanatulia. Mbadala ikiwa ya bei ya chini pia uliza hiyo tofauti imeenda wapi, maana mara nyingi inakaa huko huko mpaka uulize.

Raida akifika. Huyu si yeye alichukua vitu kwa rafu, yeye amepewa mfuko umefungwa akaambiwa peleka Mamboleo huko Kisumu ama peleka Section 58 huko Nakuru, usimgombeze. Lakini pia usimwache aondoke kabla hujaangalia, na kama apu inakutumia ile namba ya siri ya kuthibitisha umepokea, usimpe kwanza. Mwambie dakika mbili tu, fungua mfuko mbele yake, linganisha na oda kwa simu. Usianze na vile vyote, anza na vile uliandikia maelezo, halafu vya bei ya juu. Mvua ikinyesha mkaribishe kwa veranda, ataangalia na wewe.

Na haki yako iko, si kuomba. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 31, inasema ukiletewa ulichoagiza kimechanganywa na vitu vya aina ingine, unaweza kupokea vyako ukakataa hivyo vingine, ama ukakataa vyote. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 nayo inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo na kufidiwa. Sasa usiende kumsomea raida katiba kwa geti, ila ukichati na kastoma kea wakikuambia "ukishapokea hatuwezi kurudisha" unaweza kuwakumbusha kwa upole. Ila kama mwenyewe uliweka tiki kwa "badilisheni", jua hapo ulishawaruhusu, na hoja yako inalegea.

Piga picha moja yenye kitu chenyewe, risiti, na ile mistari ya kuskani kwa paketi. Moja, si kumi. Tuma siku hiyo hiyo kwa sababu apu nyingi zinakupa muda mfupi wa kulalamika, na usifungue paketi, usionje. Andika sentensi mbili: niliagiza hii, mmeleta hii, nataka pesa irudi. Ukianza hadithi ya vile chapati ziliharibika watakujibu "pole kwa usumbufu" na chati inafungwa. Sema pia unataka irudi wapi. Usiposema wanaweza kuiweka kwa akaunti ya apu kama kuponi, na kuponi haikununulii mafuta ya boda. Kama ulilipa na M-Pesa omba M-Pesa. Usikimbilie kutuma meseji kwa 456, ile namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, hiyo ni ya pesa imeenda kwa namba haifai, na hapa pesa ilienda mahali sahihi, shida ni mzigo, kwa hivyo ni duka lirudishe.

Wale mnaagizia wazazi huku nyumbani, wewe uko Nairobi ama uko Qatar na kukhu, yaani nyanya yako, ako Kakamega, nyinyi mko na shida yenu pekee. Mzee hatalalamika. Ameletewa majani ya chai tofauti, sukari kidogo, sabuni badala ya losheni, ukipiga simu anakuambia "asante mwanangu vimefika, Mungu akubariki". Atanyamaza nayo mpaka uje Disemba uikute kwa kabati haijafunguliwa. Weka namba yako kwa simu ya mabadiliko na yake kwa simu ya kufikishiwa mzigo, kama apu inakubali. Kama haikubali, mwambie kijana wa jirani apange vitu kwa meza apige picha akutumie, mlipe hata na bando. Na usimuulize mzee "vimefika vyote?", muulize "sukari ni ya kilo ngapi?"

Kama mji wako hauna hizi apu, ama ziko na hazifiki mtaani kwenu, duka nyingi zinapokea oda kwa WhatsApp, na kusema ukweli hiyo mimi naipenda kuliko apu. Tuma listi, ngoja wakujibu ni nini iko na nini hakuna, omba picha ya mbadala kwa rafu, kubalianeni bei ya jumla na ya boda, halafu sasa ndio ulipe kwa tili, ile namba ya M-Pesa ya duka, na angalia jina linalotokea kabla hujaweka pini. Usilipe kabla hawajakujibu vyote viko, hata wakisema raida anaondoka sai. Raida mwingine atakuja.

Saa pia ni kitu. Jioni watu wakitoka kazi na zile siku za mshahara rafu zinapigwa vibaya, hapo hata uandike maelezo ya kurasa mbili kitu kimeisha kimeisha. Asubuhi mkate umefika na mboga hazijalala.

Omena nayo, wale dagaa wa ziwa, acha kuagiza. Omena unaiangalia kama inang'aa ama imekuwa ya kahawia, unaishika usikie kama kuna mchanga, unainusa, na hakuna kijana wa rafu atakufanyia hiyo kazi. Jumapili panda tuktuk uende soko la Kibuye hapa Kisumu, nunua kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na ukiona mama anataka kukuchanganyia ya jana mwambie hapo hapo.