Kabla ya kununua gari jipya la kikosi, nenda mizani

Afande, umekabidhiwa faili la kubadilisha magari mepesi ya kikosi, na vipeperushi vya wauzaji vimeshajaa mezani. Viweke kando kwanza. Vaa ovaroli, chukua daftari, twende uwanjani nyuma ya karakana.

Nimekuwa fundi wa magari ya jeshi miaka 24, mingi nikiwa nimelala chini ya Land Rover 110. Mara ya mwisho tulipofanya kazi hii, kwenye vitabu tulikuwa na magari 31. Yaliyowaka asubuhi ile yalikuwa 17. Usiandike "zima" au "bovu" tu. Gawa mafungu matatu: linalofaa kazi leo, linalofufuka, na la kunyofoa spea. Bodi ya Land Rover isikudanganye, kwa sababu ni ya alumini. Kutu hukaa kwenye fremu ya chuma. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga boriti ya nyuma na sehemu zinazoshika springi. Nyundo ikizama, gari hilo ni la fungu la tatu hata injini ingenguruma vipi.

Sasa mizani, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Chukua gari moja, lipakie kama linavyokwenda kazini: askari wote na silaha zao, redio na betri, madumu ya dizeli, maji, tairi za akiba. Lita 100 za maji ni kilo 100. Askari na vifaa vyake usimwandikie kilo 70, mpime jinsi alivyo. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kisha linganisha na namba za kiwandani. Letu lilizidi kilo 340 nyuma. Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunabadilisha springi na beringi kila mara, huku tukiwaadhibu madereva. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wamarekani nao waliupata uchungu huo. Humvee iliingia jeshini miaka ya 1980 ikiwa gari la kubeba watu na mizigo, bila deraya. Mabomu ya kando ya barabara yalipozidi Iraq, wakaifunga mabamba ya chuma. Injini, breki na springi zikabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Mwaka 2015 wakaichagua kampuni ya Oshkosh itengeneze JLTV, gari lililobuniwa na deraya yake tangu mwanzo. Baadaye, mwaka 2020, wakachagua gari jingine lisilo na deraya kabisa, la askari tisa, lililojengwa juu ya pikapu ya Chevrolet Colorado. Kila kazi na gari lake. Kwa hiyo mtu akikuomba bamba, muulize kwanza atashusha nini.

Kwa doria na mizigo kwenye barabara zetu, mimi bado naiamini Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, pampu ya kimekanika, haina tabo (turbo). Ukichagua dizeli mpya zenye nozeli za umeme, nunua pamoja nazo machujio ya kutenganisha maji na kompyuta ya kupimia, na mafundi wafundishwe kabla magari hayajashuka bandarini. Nozeli zile hazisamehi mafuta machafu.

Aina zisizidi mbili. Vipuri vya miaka miwili viandikwe kwenye mkataba uleule wa magari: klachi, machujio, bushi, viatu vya breki. Defender ya zamani, yaani hizo Land Rover 110 zetu, iliacha kuundwa kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na tangu hapo nimefungua maboksi ya spea za kila ubora. Watu wa mawasiliano waitwe mapema pia. Land Rover nyingi zilizoundwa kwa ajili ya redio zina umeme wa volti 24, na gari jipya la kiraia mara nyingi lina volti 12.

Jaribio lifanyike masika, kwenye udongo mweusi, gari likiwa limejaa, akiendesha dereva wako na si wa muuzaji. Ukaguzi wa serikali ya Marekani wa mwaka 2021 ulihesabu ajali 3,753 za magari ya kijeshi nje ya vita kati ya 2010 na 2019, na wanajeshi 123 walikufa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni madereva kutokuwa makini, usimamizi hafifu na mafunzo pungufu. Usimkabidhi kijana ufunguo kwa sababu ana leseni tu. Ashuke mteremko na mzigo kamili, avuke mto, aendeshe usiku, mkufunzi akiwa kando yake.

Yakifika kilomita 1,000 za kwanza, yarudishe yote karakanani. Kaza nati za magurudumu na bolti za springi, kagua mafuta ya difu na giaboksi. Halafu moja lirudi mizani, maana kufikia hapo askari watakuwa wameshaongeza vitu.